Mzee wa Miwani Alivyofika Ariwara

Kabla mifuko ya nailoni haijatushinda, karanga za Ariwara ziliuzwa kwenye karatasi. Aliyekulia upande ule wa Aru ataukumbuka ufundi wenyewe: karatasi inazungushwa iwe pembe, ncha inabanwa kwa kidole gumba, karanga zinamiminwa kwa kikopo cha nyanya, na mnunuzi anaondoka na chumvi mdomoni na wino vidoleni. Karatasi ilitoka popote ilipopatikana. Kulikuwa na madaftari ya watoto waliomaliza shule au waliofukuzwa, magazeti ya Kampala yaliyovuka Vurra yakiwa yamefunga sabuni, fomu za serikali zenye mkono ulioshika mwenge wa Zaire; na mara mojamoja, pale mapadri walipopunguza vitabu vyao, mafungu ya majarida ya hadithi za picha kutoka Ufaransa, kurasa zimelegea kwa unyevu, zinanuka mende na kabati.

Mama ndiye aliyekuwa muuzaji. Mimi nilikuwa mkunjaji, na mkunjaji husoma kabla ya kukunja.

Leo karanga zinakuja kwenye kifuko kilichofungwa fundo. Ni safi zaidi. Hazikufundishi kitu.

Katika mafungu yale alikuwemo Blek le Roc na kifua chake wazi, akiwapiga askari wa Kiingereza. Alikuwemo Zembla, mzungu wa msituni mwenye simba aitwaye Bwana na, kwa sababu ambazo wachapishaji wake ndio wanazijua, kangaruu. Sisi ambao wajomba zetu walikuwa wakiwinda mpaka upande wa Garamba tulikuwa hatujasikia mnyama wa namna hiyo akitajwa, lakini hatukumnyima Zembla kangaruu wake. Msitu ulikuwa wake. Na lilikuwemo jarida la Strange, lililochapwa Lyon na nyumba ya Lug tangu Januari 1970, ambamo mashujaa wa Marvel wa New York walikuwa wakizungumza Kifaransa kizuri cha shule. Humo ndimo nilimokutana na kijana wa nguo nyekundu na buluu aliyetambaa ukutani, l'Araignée, ambaye ulimwengu mzima unamwita Spider-Man na sisi tulikuja kumwita Buibui.

Kurasa hazikuja kwa mpangilio. Mwisho wa miaka ya 1980, katika uwanja wetu pale nyuma ya soko, Buibui angeachwa akining'inia kwa uzi mmoja juu ya jengo, na ukurasa wa kumwokoa ukawa umeshaondoka na karanga za makuta kadhaa kwenda Ingbokolo. Kifaransa changu kilikuwa kile cha mwaka wa tatu, cha kuhesabu na kusalimia, kwa hiyo mapovu yale meupe juu ya vichwa vyao yalikuwa matupu kwangu. Wadogo zangu walikaa wakinisubiri, na mimi nikawajazia. Niliwapa watu wale Kilugbara. Niliwapa madeni, mashemeji, mbuzi waliopotea. Yule adui mwenye mikono minne ya chuma mgongoni nilimfanya mkusanya ushuru wa soko, na hakuna aliyeuliza swali.

Jina la mwandishi liliandikwa kwa herufi ndogo kwenye ukurasa wa mwanzo wa kila hadithi, na ukurasa wa mwanzo, ukiwa karibu na jalada, ndio uliokuwa wa kwanza kuchanika na kupotea. Ndiyo maana watu wa rika langu walimjua Buibui, wakaijua kazi yake na ukoo wake, na hawakuwahi kulisikia jina la Stan Lee.

Jina lenyewe, hata hivyo, halikuwa lake la kuzaliwa. Alizaliwa New York tarehe 28 Desemba 1922, akaitwa Stanley Martin Lieber, mtoto wa Wayahudi waliohamia kutoka Romania. Baba yake alikuwa mkata nguo katika biashara ya ushonaji, na miaka ile ya mdororo mkubwa alikaa zaidi bila kazi kuliko kazini. Mwaka 1939, akiwa bado kijana mdogo, Stanley aliingia kwenye ofisi ya vitabu vya katuni iliyokuja kuwa Marvel, akatumwa kujaza wino na kuleta vyakula vya mchana. Alipoanza kuandika alilikata jina lake vipande viwili na kulitumia hilo fupi, kwa sababu lile refu alikuwa analiwekea akiba riwaya kubwa ya heshima ambayo angeiandika siku moja. Riwaya hiyo haikuja. Mwaka 1961 lilikuja kundi la Fantastic Four, mwaka uliofuata akaja Hulk na Thor na Buibui, kisha Iron Man na X-Men mwaka 1963. Katika miaka mitatu minne, akiwa na wachoraji Jack Kirby na Steve Ditko, alikuwa ameijaza nyumba ambayo watoto wa watoto wetu bado wanakaa ndani yake.

Nimeona watu wakieleza mafanikio yake kwa kusema kwamba aliwapa mashujaa shida za binadamu wa kawaida. Ni kweli, lakini kwetu lilionekana kwa jicho jingine. Peter Parker, yule kijana ndani ya nguo za Buibui, hana wazazi. Amelelewa na mjomba Ben na shangazi May, nyumba ina uhaba, kodi inadaiwa, na kosa lake moja la uzembe linamuua mjomba. Kwa msomaji wa Marekani wa mwaka 1962 huo ulikuwa unyonge mkubwa wa kumtilia huruma. Ariwara, nusu ya watoto waliokuwa wakila kwenye sinia moja na mimi walikuwa wa mtu mwingine. Hatukumhurumia. Tulimwona ana bahati ya shangazi mpole, tukataka kujua kwa nini mtu mwenye nguvu zote hizo hachoti maji.

Nyumbani pia watu walichora. Kinshasa, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, jarida la Jeunes pour Jeunes lilikuwa likitoa vituko vya polisi Apolosa na wahuni wa mjini kwa lugha ya mitaani. Mongo Sisé akawachora Mata Mata na Pili Pili. Na Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, amekuwa mchoraji wa kuheshimika mpaka Ulaya. Mimi nimewasoma nikiwa mtu mzima. Kinshasa ilikuwa mbali nasi kuliko Lyon, kwa maana padri aliweza kuletewa boksi kutoka Lyon, na kutoka Kinshasa zilikuja hotuba tu, kwenye redio.

Kisha ikaja video, na karanga zikahamia mlangoni pa kibanda.

Kila mji wa mpakani ulikuwa na vibanda vya video, na cha kwetu hakikuwa na tofauti: kuta za udongo, paa la nyasi, madirisha yamezibwa kwa magunia ya kahawa, mabenchi ya mikaratusi yaliyoacha utomvu kwenye suruali, na nyuma, ndani ya shimo lililochimbwa ili kupunguza kelele, jenereta ndogo iliyokohoa kila ilipofika nusu ya filamu. Kulinuka petroli, jasho na sigara za Uganda. Kiingilio kilikuwa shilingi za Uganda, kama kila kitu Ariwara. Msichana aliyeingia mle usiku alitoka akiwa na jina jingine mtaani, kwa hiyo mimi nilikaa nje na beseni la karanga na koroboi, mgongo ukutani, sikio kwenye nyufa.

Niliwasikia mashujaa kwa miaka kadhaa kabla ya kuwaona. Watoto wa kiume walikuwa na picha. Mimi nilikuwa na sauti ya mfasiri.

Mchana alishona suruali chini ya mwembe. Jioni alisimama kando ya televisheni na fimbo mkononi na kutueleza dunia. Kaseti na baadaye sidii zilitoka Kampala kupitia Arua, na nyingi zilikuwa zimeshapita mikononi mwa wale mavijee wa Uganda, ambao ufundi wao ni kupaza Kiluganda juu ya Kiingereza cha wahusika, pamoja na matusi, utani na salamu kwa wateja. Kiluganda Ariwara ni lugha ya wageni. Mfasiri wetu, aliyesomea Arua, alikielewa nusu. Kiingereza cha chini yake alikielewa nusu nyingine. Akaviunganisha na kututolea Kilingala, akichovya Kilugbara palipokuwa na uchungu, na Kiswahili kila alipowaona wafanyabiashara wa Butembo na Bunia wamekaa benchi la mbele. Mtu yeyote wa Dar es Salaam aliyewahi kumsikia Lufufu, au wa Nairobi aliyekua na DJ Afro, anaijua kazi hiyo. Ila hao walirekodiwa. Wa kwetu alisema mara moja tu, na kesho yake, filamu ileile, akasema mengine.

Buibui wa mwaka 2002, filamu ya Sam Raimi, alitufikia mwishoni mwa vita vya Ituri, kwenye sidii ambayo vichwa vya watazamaji wa mbali vilikuwa vikipita mbele ya picha. Ipo sehemu ambapo Peter, akitafuta pesa, anaingia ulingoni kupigana mieleka; ameahidiwa dola 3,000 akivumilia dakika tatu, anamwangusha mtu kabla ya dakika hizo, na mwenye mchezo anamtupia noti ya 100. Nilikuwa nje, na nilisikia kibanda kikinyamaza. Mfasiri alikuwa amemfanya Peter mchimbaji aliyetoka Durba na dhahabu yake kwenye kikaratasi, na yule mwenye mchezo amekuwa mnunuzi anayepima kwa vijiti vya kiberiti, akibonyeza mzani kwa kidole kidogo. Alikitaja kidole kile kwa utaratibu, jinsi kinavyoshuka. Ariwara ilikuwa na wanunuzi wa dhahabu kwenye kila mtaa. Dhahabu ya Mongbwalu na ya Durba ilipita kwetu ikienda Uganda, na waliokaa kwenye mabenchi walikuwa wamepimiwa hivyo au walikuwa wamepima hivyo. Ndipo ukazuka ukelele ambao sijausikia tena kwenye jumba lolote la sinema, na beseni langu likaisha kabla ya mjomba Ben kupigwa risasi.

Hayo hayamo kwenye filamu. Nimeitazama baadaye kwa Kifaransa, kwa utulivu, kwenye kiti chenye mto. Peter analalamika kwa sentensi mbili.

Ni katika filamu hiyohiyo ndipo mzee wa miwani alipofika Ariwara. Kwenye sherehe ya mjini, vifusi vinadondoka, watu wanakimbia, na mzee mmoja anamvuta mtoto wa kike kando. Anaonekana kwa muda wa kupepesa jicho. Mfasiri hakumjua, na kwake mtu kupita bila maelezo ilikuwa aibu ya kazi. Akatangaza kwamba huyo ndiye mwenye filamu, amekuja kuhesabu tiketi. Watu wakacheka. Lakini mzee akarudi kwenye Hulk ya mwaka 2003, na kwenye Buibui wa pili, na kila aliporudi vijana walipiga mabenchi na kupiga kelele kwamba mwenye filamu amefika, wafichwe walioingia bure. Wenye bunduki, ambao siku zile hawakulipia kitu chochote mjini, walicheka kuliko wote.

Mfasiri alikaribia ukweli, ila kwa upande uliopinda. Stan Lee hakuwa mwenye filamu. Aliandika kwa miaka mingi kama mwajiriwa, na mashujaa walikuwa mali ya kampuni. Mwaka huohuo wa 2002, Buibui akivunja rekodi za mauzo, mzee aliishtaki Marvel akidai sehemu yake ya faida aliyoahidiwa, na mwaka 2005 wakamalizana kwa dola milioni 10, kwa hesabu iliyotangazwa. Miaka minne baadaye kampuni yenyewe ilinunuliwa na Disney kwa takriban dola bilioni 4. Tofauti ya hesabu hizo mbili kila mchimbaji wa Durba anaweza kuieleza bila penseli.

Na wapo waliodai kwamba yeye ndiye aliyekuwa na kidole kwenye mzani. Hapa ndipo habari yake inaponigusa hasa, kwa sababu ya namna alivyofanya kazi. Alikuwa akiandika vitabu vingi mno kila mwezi, hawezi kuvimaliza vyote, kwa hiyo alimpa mchoraji kisa kwa ufupi, kwa kurasa chache au kwa mazungumzo tu. Mchoraji akaenda nyumbani akachora hadithi nzima, akiamua mwenyewe nani afanye nini na wapi. Kisha kurasa zikarudi kwa Lee akatia maneno kwenye mapovu. Picha kwanza, maneno baadaye. Mwaka 1966 Kirby alirudisha kurasa ambazo ndani yake kulikuwa na mtu wa rangi ya fedha anayeteleza angani juu ya ubao, na Lee hakuwa amemwagiza mtu huyo. Hakumfuta. Alimpa ulimi, ulimi wenye huzuni kama ya nabii, na Silver Surfer akawa mmoja wa viumbe wanaopendwa kuliko wote. Nani amemzaa? Kirby aliondoka Marvel na uchungu na akafa mwaka 1994 akiamini amedhulumiwa sifa; warithi wake walikuja kumalizana na kampuni mwaka 2014. Ditko, aliyemchora Buibui, alijifungia ofisini kwake Manhattan miaka na miaka bila kuzungumza na waandishi wa habari.

Nikisoma mabishano hayo nawaelewa wachoraji, maana ndio waliotoka jasho. Lakini nimekaa nje ya kibanda muda mrefu mno nisiweze kumdharau mtia maneno. Yule mshona suruali alipewa picha asizozichora, zenye mtu asiyemjua akipita, na kazi yake ikawa kumpatia mtu huyo ukoo na sababu ya kuwa pale. Walifanya kazi moja, yeye na mzee wa miwani, pande mbili za bahari, na wote wawili walipenda kusema zaidi ya ilivyohitajika.

Februari 2018 akaja Black Panther. Wakati huo nilikuwa nimeshahamia Bunia, na Bunia ya mwezi ule ilikuwa imejaa watu wa Djugu waliokimbia mapanga na moto, wamelala kwenye uwanja wa hospitali kuu, wengine wamevuka Ziwa Albert kwa mitumbwi kwenda Uganda. Mtoto wa kaka yangu alikuja na filamu kwenye fleshi. Tuliitazama sebuleni, pazia limeshushwa, tukiwa wengi kuliko viti.

T'Challa, mfalme wa Wakanda, ni mtoto mwingine wa Lee na Kirby. Alitokea mara ya kwanza katika Fantastic Four namba 52, kwa tarehe ya Julai 1966. Mwaka huo nchi yetu ilikuwa inabadilishiwa majina: Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani. Watu wawili wa New York, ambao kwao Afrika ilikuwa mbali kama Mirihi, wakachora ufalme wa Kiafrika usiowahi kutawaliwa, wenye mashine bora kuliko za Amerika na madini ambayo hayakutoka nje bila ruhusa ya wenyeji. Hilo la madini ndilo lililotunyamazisha sebuleni. Watoto walishangilia vyombo vinavyopaa. Sisi watu wazima tulitazama mgodi wenye ulinzi na reli zake, mali inakaa nyumbani. Milima ya Rwenzori ilipotokea chini ya mawingu, maana baadhi ya picha za angani zilipigwa upande wa Uganda, mzee mmoja kati yetu alisema hapo anapajua, na kwamba ng'ambo ya pili ni kwetu, Wakanda imeishia kabla ya mpaka.

Tulimshangilia Lupita Nyong'o kwa sababu ni wa Kenya, na Florence Kasumba, yule mlinzi mrefu mwenye kichwa kilichonyolewa, kwa sababu alizaliwa Kampala. Lakini mama yangu hakuridhika na mfalme. Mtu anayevaa chui na kutembea usiku, kwake, hakuwa habari njema. Wazee wa upande wa Wamba na Beni walisimulia habari za Anioto, watu wa enzi ya Wabelgiji waliojifunika ngozi ya chui na kuua kwa kucha za chuma, na mama alizisikia habari hizo kwa bibi zake pamoja na amri ya kutotoka nje giza likiingia. Na baada ya hao tulikuwa na mwingine, wa mchana, mwenye kofia ya chui na fimbo, picha yake kwenye kila noti. "Sisi chui tumeshakuwa nao," alisema, akainuka kwenda kutazama sombe jikoni. Stan Lee hakuyajua hayo, na hakuwa na namna ya kuyajua. Mimi nilibaki nimekaa. Nilitaka kuona dakika zote mpaka majina ya mwisho.

Mzee mwenyewe yumo, kwenye jumba la kamari la Busan, anazikusanya zile senti za mfalme aliyeshinda. Nilipiga kelele peke yangu kwamba mwenye filamu amefika. Vijana waligeuka kunitazama.

Alifariki tarehe 12 Novemba 2018, akiwa na miaka 95. Bunia tulikuwa tunanawa klorini kwenye kila mlango kwa sababu ya Ebola, na nilipata habari hiyo nimepanga foleni ya kupimwa joto, kwa ujumbe wa mtoto wa kaka: "Tantine, mzee wako amekufa."

Sasa kila mtu ana kibanda chake mfukoni. Unanunua mega, au unampelekea kijana wa kioski kadi yako naye anakujazia filamu kwa bei ya mandazi. Msichana anatazama akiwa kitandani kwao, hapewi jina lolote mtaani, na hilo peke yake lingetosha mimi kutoililia ile mikaratusi. Hadithi zinakuja kamili, zina mwanzo na mwisho. Mtoto wa kaka yangu anajua mfuatano wa filamu zote za Marvel, anajua Hulk alikuwa wapi Thor alipokuwa kwingine, anajua Kirby alidhulumiwa nini na mwaka gani. Mtoto wa umri wake wakati wangu alikuwa na ukurasa mmoja wenye mafuta. Huyu wa leo hawezi kudanganywa na mfasiri.

Ndiyo, na hachekeshwi naye pia. Anatazama na vifaa masikioni. Akicheka, sisi tulio chumba kimoja hatujui kwa nini.

Nilipokwenda Ariwara mara ya mwisho, kibanda kilikuwa kimegeuka duka la vipuri vya pikipiki na paneli za sola. Mfasiri hayupo tena duniani. Niliuliza kama kuna mtu aliyebaki na kaseti yenye sauti yake. Niliowauliza walinitazama kana kwamba nimeomba moshi wa jikoni uliopikia harusi ya babu. Soko, kwa upande wake, limejaa Buibui kuliko zamani. Yuko kwenye mikoba ya shule ya Kichina inayoning'inia kwa mafungu mwezi wa Septemba, kwenye kandambili, kwenye ubao wa kinyozi ambapo mchoraji amempa misuli mizuri na kumpa pia, sijui kwa nini, viatu. Mama mmoja alikuwa anamnunulia binti yake mkoba wenye Buibui na muuzaji akamwambia kuna wa pinki wenye mwanasesere. Binti akaushika ule wa Buibui kwa mikono miwili. Karanga zangu nilizila kutoka kwenye nailoni, nikatafuta pa kutupa kifuko, sikupaona.

Wapo wanaosema kazi ya kutia maneno imekufa. Miezi ya karibuni mtoto wa kaka na wenzake wanachukua vipande vya dakika moja vya filamu hizi, wanaondoa sauti, wanaweka ya kwao kwa simu, kwa Kilingala na Kilugbara na Kiswahili chetu cha Bunia, na kuvirusha. Sikuwafundisha. Walianza wenyewe, wakidhani wamegundua jambo jipya. Katika kimoja Iron Man anabishana na fundi wa sola kuhusu betri iliyokufa kabla ya dhamana. Katika kingine Thor anatafuta nyundo aliyoiazima kwa jirani. Vinatazamwa na watu wengi, hata Arua na Juba, na si vizuri vyote. Wanasema haraka mno, wanaogopa kunyamaza. Mshona suruali alijua kunyamaza.

Wiki iliyopita mtoto wa kaka alinijia na simu akiwa na aibu kidogo. Wanatengeneza cha shangazi May akimdai Peter pesa za sabuni, na hawana sauti ya mama mtu mzima.

"Tantine, ni dakika moja tu."

Nilimuuliza nitasema nini. Akaniambia nitazame picha kwanza, kisha niseme ninachotaka, wao watakata. Nilimuuliza kama kuna malipo. Akacheka, akasema bado hawajaanza kupata kitu, wakipata tutaongea. Nimeshazeeka kutosha kulijua jibu hilo linakokwenda, kwa hiyo tukapatana kwa jambo moja: jina langu liandikwe. Akakubali mara moja, litakuwa mwishoni pamoja na ya wengine.

Nimemwambia mwishoni hapana, watu wakifika mwishoni wameshafungua kipande kingine. Liwe mwanzo. Anasema mwanzo ni wa mchoraji wa nembo yao. Mpaka leo hatujaelewana, na sauti sijaitoa.